Siku tisa Brazili: kutafuta mlo wa mimea katika migahawa ya jadi

Siku ya kwanza, Jumanne. São Paulo.

Ndege kutoka Addis Ababa ilitua Guarulhos alasiri, baada ya takribani saa kumi na mbili angani, na mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye lango la kutokea akiwa na mfuko wa machungwa, kwa kuwa alijua kwamba hicho ni kitu ambacho dada yake atakila bila kuuliza swali. Yeye anasoma hapa, huu ni mwaka wake wa nne, na anakula nyama kama wenyeji wanavyoila. Mimi tangu mwaka 2017 sili chochote kitokanacho na mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Mwanamke wa aina yangu hapa huitwa vegana, na neno hilo sasa linafahamika mijini, ingawa kufahamika kwa neno hakumaanishi kwamba kila jikoni pana chakula chake.

Alikuwa ameniandalia orodha ndefu ya migahawa ya mimea tupu, kwa sababu São Paulo ni jiji kubwa na migahawa hiyo imejaa. Nilimshukuru, kisha nikamwomba aiweke kando. Sikusafiri umbali huu wote ili nile mkate wa soya ambao ningeweza kuula mji wowote duniani. Nataka kuketi mahali ambapo Wabrazili wanakula walichokula bibi zao, nile nao, na nishibe.

Jioni tuliingia katika duka la mikate, padaria, ambalo katika jiji hili ni duka, mkahawa na baraza kwa pamoja. Karibu kila kitafunio kilikuwa na jibini au nyama ndani yake, na mkate wenyewe hupakwa siagi na kugandamizwa juu ya bamba la moto. Niliuliza kama unga ulikandwa na mafuta ya nguruwe, nikaambiwa ni unga, maji, hamira na chumvi, basi nikala mkate mkavu na kahawa nyeusi, nikaenda kulala.

Siku ya pili, Jumatano. São Paulo.

Migahawa ya kawaida ya São Paulo ina ratiba ya juma ambayo kila mkazi anaijua kwa kichwa. Jumatatu ni virado, yaani maharage yaliyosongwa na unga, pamoja na nyama ya nguruwe na yai. Jumanne ni utumbo wa ng'ombe. Jumatano ni feijoada. Alhamisi ni tambi. Ijumaa ni samaki. Na Jumamosi feijoada hurudi tena. Kwa hiyo leo hapakuwa na la kuchagua. Tulikwenda katikati ya jiji, kwenye mgahawa mdogo ambao milango yake imefunguka moja kwa moja barabarani, tukaketi kati ya watu waliotoka kazini.

Feijoada ni maharage meusi yanayotokoswa kwa saa nyingi pamoja na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa chumvi, soseji, mbavu, na mara nyingi masikio, mkia na miguu ya nguruwe. Haiwezekani kuitenga nyama na maharage hayo, kwa sababu yamepikika humo humo na mchuzi wake ni mmoja. Lakini feijoada haiji peke yake. Huja na wali, unga wa muhogo uliokaangwa ambao huitwa farofa, majani ya couve yaliyokatwa nyembamba, vipande vya chungwa, na kachumbari ya nyanya na kitunguu. Niliutazama ubao wa bei nikaona kwamba mlo wangu umo pembeni mwa chungu.

Nilimwambia mhudumu kwa Kireno changu cha kujifunza kwamba nataka chakula sem carne, yaani bila nyama. Alifikiri kidogo, kisha kwa ukarimu mkubwa akanipendekezea kuku. Mdogo wangu alinieleza ndipo nikaelewa: kwa watu wengi hapa neno carne, likitajwa bila maelezo, maana yake ni nyama ya ng'ombe, hivyo kuku ni jambo jingine, na vipande vya nguruwe aliyekaushwa kwa moshi si nyama bali ni kiungo. Sikumshangaa. Sisi wenyewe, mtu akiuliza Tanga leo mboga ni nini, anaweza kujibiwa kwamba ni samaki, wala hakuna atakayeona ajabu. Kila lugha ina neno kama hilo, na msafiri hana budi kulijua kabla njaa haijamkamata.

Mhudumu akaniletea bakuli la maharage ya kila siku, yale ya kahawia ambayo huliwa na wali, akanihakikishia kwamba hayana nyama. Nilipoingiza kijiko niliona vipande vidogo vya mraba, vyekundu upande mmoja na vyeupe upande mwingine, vikielea chini ya majani ya kitunguu. Hakuwa amenidanganya. Kwake yeye hayo ni maharage yaliyoungwa.

Hapo ndipo mpishi alipotoka jikoni, mwanamke wa makamo mwenye kitambaa cheupe kichwani, akauliza kuna nini. Nami nikamuuliza swali ambalo tangu hapo ndilo ninalouliza kila mahali: O feijão é temperado com quê? Maharage yameungwa na nini? Uso wake ulibadilika, kwa sababu hilo ni swali la mpishi kwa mpishi. Akanieleza bila kuficha. Asubuhi na mapema maharage huchemshwa kwenye sufuria ya presha kwa maji na majani ya mbei tu. Karibu saa tano huungwa kwa kitunguu saumu, kitunguu maji na mafuta yaliyotoka kwenye nguruwe aliyekaushwa kwa moshi. Wali huungwa kwa kitunguu saumu na mafuta ya soya, na jikoni mwake hatumii vidonge vya supu ya kuku, ingawa alinionya kwamba wengine huvitumia. Farofa ya leo ilikaangwa kwa siagi. Couve ilikwisha kukaangwa na vipande vya nguruwe. "Ungekuja saa nne," alisema, "ningekutengea maharage kabla sijayaunga."

Kisha akafanya jambo ambalo sikuliomba. Alichukua majani matano ya couve, ambayo si mengine ila ni ndugu wa sukuma wiki yetu, akayapanga moja juu ya jingine, akayakunja kwa nguvu mpaka yakawa kama ukili uliokazwa, akayakata kwa kisu kikali hata zikatoka nyuzi nyembamba kuliko nilivyowahi kuona. Akatia mafuta kwenye kikaango safi, akatia kitunguu saumu, akazitupia nyuzi hizo, akageuza mara tatu tu, akaepua. Kwetu sukuma wiki huachwa motoni mpaka ilainike. Hii ilibaki kijani kibichi, na ilikuwa na uchungu kidogo uliokutana vizuri na utamu wa chungwa. Nilikula wali, couve, unga wa muhogo mkavu aliouchoma upya kwa mafuta na chumvi, muhogo wa kukaanga na machungwa. Mdogo wangu alimaliza feijoada yake na akakwangua chungu. Tulishiba wote wawili, meza moja.

Siku ya tatu, Alhamisi. São Paulo.

Mdogo wangu alikuwa amedunduliza fedha kwa miezi ili anipeleke kwenye churrascaria, nyumba ya nyama choma, ambako wahudumu huzunguka meza hadi meza wakiwa na mishikaki mirefu kama upanga, wakikukatia nyama sahanini mpaka useme basi. Kila mgeni hupewa kadi yenye upande wa kijani na upande mwekundu: kijani ikiwa juu wanakuja, nyekundu ikiwa juu wanakupita. Alipokuwa akizidunduliza fedha hizo alikuwa amesahau kwamba dada yake hali nyama, na alipokumbuka aliona haya kuniambia. Nilimwambia twende. Heshima aliyonitayarishia haikuwa ya kukataliwa kwa sababu ya mishikaki.

Jambo la kwanza nililomfundisha ni kuuliza bei kabla ya kuketi. Katika nyumba hizi mtu hulipa bei moja kwa kila kitu, na anayekula mboga tu analipia nyama asiyoigusa. Lakini zipo zenye bei ndogo zaidi kwa anayetaka meza ya saladi peke yake, na hii ilikuwa mojawapo. Niligeuza kadi yangu nyekundu juu, nikaiacha hivyo usiku kucha.

Meza ya saladi ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Palikuwa na palmito, yaani kile kiini laini cheupe kinachotolewa katika kilele cha shina la aina fulani za minazi na michikichi, kikiwa kimekatwa vipande vinene na kutiwa ndimu. Palikuwa na viazi vyekundu, dengu, mbaazi mbichi, majani ya kila namna, na muhogo wa kukaanga ambao nje ulilia chini ya meno na ndani ukawa kama krimu. Vitu vya kuepuka vilikuwa vile vinavyoonekana havina hatia. Vimkate vidogo vya mviringo viitwavyo pão de queijo vimetengenezwa kwa wanga wa muhogo, hivyo mtu wa kwetu akisikia muhogo anaweza kunyoosha mkono, kumbe vimekandwa na jibini na mayai. Ndizi za kukaanga zilikuwa zimepitishwa kwenye yai kabla ya kuviringishwa katika chenga za mkate. Ugali wa mahindi uliokatwa vipande na kukaangwa ulikuwa umenyunyiziwa jibini. Maharage meusi, niliuliza: nguruwe.

Mwishoni kilikuja kijiti cha nanasi lililochomwa na mdalasini, na moyo wangu ukalipenda papo hapo. Lakini lilikuwa limechomwa chini ya nyama, likidondokewa mafuta, na kisu cha kulikatia kilikuwa ndicho kile kile. Nilimweleza mchomaji. Alirudi baada ya robo saa na nanasi jipya alilolichoma pembeni, juu ya wavu wake, na kisu kilichooshwa. Najua wako wenzangu wasiojali kisu. Mimi najali, na sijawahi kumwona mpishi aliyekasirika kwa kuambiwa hivyo kwa upole.

Siku ya nne, Ijumaa. São Paulo, kisha barabarani.

Leo mchana nilikula mahali ambapo ningempeleka mtu yeyote anayekula kama mimi siku yake ya kwanza Brazili. Huitwa por quilo, kwa kilo. Unachukua sahani, unajipakulia unachotaka kutoka kwenye meza ndefu ya vyakula vya moto na vya baridi, unaiweka sahani kwenye mizani, unalipa kwa uzito. Migahawa ya namna hii ilienea katika miaka ya 1980 na sasa ipo karibu kila mtaa wenye ofisi. Chakula chake si cha kigeni hata kidogo. Ni wali, maharage, couve, boga, bamia, viazi vikuu, kisamvu hakuna, lakini muhogo wa kila namna upo. Tofauti ni kwamba macho yako yanatangulia mdomo wako. Mara nyingi huwekwa vyungu viwili vya maharage, kimoja chenye nyama na kimoja kisicho nayo, na farofa mbili au tatu, ambazo unaziona mwenyewe iwapo zina chembe za yai.

Nilifika saa tano na nusu, mlango ulipofunguliwa, nami nashauri saa hiyo kwa sababu moja: miiko ya kupakulia huanza siku ikiwa safi, na kufikia saa saba watu wenye haraka wamekwisha kuihamisha kutoka chungu cha soseji hadi chungu cha maharage matupu. Sahani yangu ilipima gramu 540. Usiku tulipanda basi kituo cha Tietê, mimi nikaketi dirishani, mdogo wangu akabaki chini akipunga mkono.

Siku ya tano, Jumamosi. Belo Horizonte.

Minas Gerais ni jimbo la milima, mbali na bahari, na Wabrazili wengi watakuambia kwamba ndiko chakula cha nyumbani kilikobaki na asili yake. Watakuambia pia, kama ulivyo ukweli, kwamba ni jimbo la nguruwe, mahindi na jibini. Zamani kabla ya majokofu nyama ilihifadhiwa ndani ya makopo ya mafuta ya nguruwe, na wasafirishaji waliopita milimani na nyumbu walibeba maharage makavu, unga na nyama ya kukausha, wakavichanganya jioni kando ya moto. Mchanganyiko huo bado unaitwa kwa jina lao, feijão tropeiro. Kwa hiyo mafuta ya nguruwe, banha, si kiungo kilichoongezwa juu ya upishi wa hapa. Upishi wenyewe umesimama juu yake.

Asubuhi nilikwenda Mercado Central, soko lililofunguliwa mwaka 1929, na katika njia nyembamba kati ya mabanda nilikutana na kitu kilichonisimamisha. Lilikuwa tenga la nyanya chungu, zile zile ngogwe za kwetu, za kijani, zimejaa pomoni. Hapa huitwa jiló, na neno hilo lilikuja na watu waliochukuliwa utumwani kutoka Angola, kutoka Kimbundu njilu, kama vile mmea wenyewe ulivyotoka Afrika. Sokoni hupikwa na maini juu ya bamba la moto, na watu husimama kaunta wakila. Bamba hilo limelowa mafuta ya maini tangu alfajiri, kwa hiyo sikuomba kitu. Nilinunua nusu kilo nikatia mkobani.

Mchana nikaingia mgahawa wenye jiko la kuni. Vyungu vilikuwa kumi na kitu, vingine vya udongo, vingine vya jiwe laini linalochongwa huku huku, vimepangwa juu ya jiko refu, na kila mtu hujipakulia. Nilimwomba ruhusa mpishi, mama mzee aliyeitwa dona na kila aliyepita, nami nikamwita hivyo hivyo. Nikamuuliza swali langu la Jumatano. Hakunijibu kwa maneno. Alinishika kiganja cha mkono, akaniongoza kutoka mwanzo wa jiko mpaka mwisho, na kwenye kila chungu alinyoosha mwiko akasema neno moja: banha. Maharage, banha. Couve, banha. Bamia zilizopikwa na kuku, banha. Wali, banha pia. Tulipofika chungu cha kumi na moja alisimama, akafunua mfuniko, akatabasamu. Unga na maji, alisema, hata chumvi haimo.

Kilikuwa angu. Ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji peke yake, na kwa desturi ya zamani ya hapa hautiwi chumvi, kwa sababu chumvi iko kwenye kitoweo. Ni laini kuliko ugali wetu, karibu na uji mzito, na unga wake huitwa fubá, neno jingine la Kimbundu. Nilipoonja, mkono wangu wa kulia ulitaka kumega tonge. Nilikuwa nimekwenda upande wa pili wa bahari nikakutana na chakula ambacho mama yangu angekitambua kwa kukisikia harufu.

Lakini ugali bila mboga haushuki. Dona aliniuliza, binti yangu, sasa utaila na nini, ndipo nikaufungua mkoba nikamwonyesha nyanya chungu zangu. Alizikata nusu nusu, akazikaanga kwa mafuta ya alizeti na kitunguu mpaka kingo zikawa nyeusi, kisha akatoka nyuma ya nyumba akarudi na mkono uliojaa majani manene yanayong'aa. Ni ora-pro-nóbis, jina la Kilatini lenye maana ya utuombee, na mmea wake ni wa ukoo wa kakati ingawa una majani ya kuliwa. Aliyapika dakika mbili. Yana utelezi kidogo kama mlenda. Angu, nyanya chungu, mlenda wa Minas: nilikula sahani mbili. Kitinda mlo kilikuwa goiabada, jamu ngumu ya mapera inayokatwa kwa kisu, ambayo kwa kawaida huletwa na kipande cha jibini. Ukitaja mapema, jibini hubaki jikoni.

Siku ya sita, Jumapili. Belo Horizonte na Salvador.

Siku ya kupita njia. Katika soko la Jumapili la barabara ya Afonso Pena nilinunua paçoca, karanga zilizotwangwa na sukari na chumvi, na rapadura, ambayo ni sukari guru. Chapati za kukaanga zenye palmito ndani ziliniita, lakini muuzaji hakuwa na hakika unga wake umekandwa na mafuta gani, na kwa jibu la namna hiyo mimi huondoka. Jioni niliruka kwenda Salvador.

Siku ya saba, Jumatatu. Salvador.

Sijui niandikeje siku hii kwa ufupi. Salvador ulikuwa mji mkuu wa kwanza wa Brazili, tangu 1549 hadi 1763, na bandari yake ilipokea Waafrika wengi mno waliouzwa. Walichokibeba vichwani kimebaki mitaani. Jioni, katika mtaa wa Rio Vermelho, nilimkuta mama aliyevaa gauni jeupe la tabaka nyingi, kilemba cheupe na shanga shingoni, ameketi nyuma ya meza yenye vyungu vidogo, na kando yake karai kubwa la mafuta mekundu. Nilikaribia na kabla sijaona chakula nikasikia harufu ya mawese. Nilifundisha Kigoma miaka mitatu. Harufu hiyo siwezi kuisahau. Huku mafuta hayo huitwa dendê, nalo ni neno lililotoka Angola.

Anachokaanga ni acarajé. Kunde huloweshwa, huondolewa maganda, husagwa pamoja na kitunguu na kutiwa chumvi, basi. Kisha hupigwa kwa mwiko mrefu wa mti bila kukoma, mpaka rojo lijae hewa na kuwa jepesi kama povu. Mama huyu alipiga kwa mkono wa kulia huku akizungumza nami, akachota kwa kijiko kikubwa, akasawazisha kwa kijiko cha pili, akadondosha karaini, na donge likazama, likaibuka, likaanza kugeuka rangi ya shaba. Niliona bibi yangu barazani Tanga, bajia za kunde zikielea, sisi watoto tumepanga foleni na sarafu mkononi. Jina lenyewe linatoka Kiyoruba, àkàrà, likaongezwa neno la kula. Katika dini ya Candomblé ni chakula cha Iansã, mwenye dhoruba, na tangu mwaka 2005 kazi ya wanawake hawa imeandikwa na taasisi ya urithi ya taifa, IPHAN, kuwa urithi wa utamaduni wa Brazili. Wanawake watumwa na walioachwa huru waliuza hivi mitaani, na wengine walinunua uhuru wao kwa fedha za biashara kama hiyo. Kwa hiyo hapa sikuja kama mtu wa kurekebisha chakula cha watu. Nilikuja kuuliza ni sehemu gani inanifaa kama ilivyo.

Nikamuuliza kila kijichungu. Vatapá, rojo la mkate, tui la nazi, karanga na korosho, lina kamba wakavu waliosagwa. Caruru, bamia zilizokatwakatwa, lina kamba wale wale. Abará, donge la kunde linalopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, huchanganywa na kamba tangu mwanzo. Lakini donge lililokaangwa halina kitu cha mnyama, na karai lake halikaangi kingine. "Kwa hiyo binti yangu unataka acarajé na saladi na pilipili," akasema, wala hakuona ajabu, kwa sababu wapo wenyeji wengi wanaoiomba hivyo. Alilipasua katikati, akalijaza nyanya mbichi, kitunguu na kotimiri, akapaka pilipili iliyokaangwa kwenye mawese. Tahadhari ni moja tu: pilipili nayo kwa wauzaji wengine huchanganywa na kamba, hivyo uliza. Yake ilikuwa safi. Nilikula matatu nikiwa nimesimama, mafuta mekundu yakinitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Siku ya nane, Jumanne. Salvador.

Mchana nilikula moqueca. Kwa kawaida ni samaki au kamba katika chungu cheusi cha udongo, pamoja na vitunguu, nyanya, pilipili hoho, kotimiri, tui la nazi na mawese, yaani mchuzi wa nazi ambao kila mtu wa pwani yetu anaujua, ila umevishwa rangi ya jua linalozama. Siku hizi migahawa mingi ya jadi huipika pia kwa ndizi mzuzu zilizoiva, na ilikuwamo kwenye orodha ya vyakula bila kuandikwa alama yoyote ya pekee. Nilifurahi, lakini sikunyamaza. Niliuliza chini ya mchuzi kuna nini, na mhudumu akaenda jikoni akarudi na jibu la kweli: wanaanzia na supu ya vichwa vya samaki kwa moqueca zote, hata ya ndizi.

Hii ndiyo sehemu ambapo mtu anaweza kula mwaka mzima asijue. Kwenye orodha ni ndizi, kwenye chungu ni ndizi, na ladha ya bahari anaidhania kuwa ni ya mawese. Niliomba waanze kwa tui jepesi la pili badala ya supu, na wakakubali bila neno, ila waliniomba nisubiri dakika arobaini. Pirão, uji wa unga wa muhogo unaoandamana na moqueca, ulinipita, kwa maana wenyewe ni supu ya samaki tupu. Nilipewa farofa iliyokaangwa kwa mawese, ya manjano, kavu, inayonyonya mchuzi.

Chungu kilifika kikichemka bado, nami nilikitazama mpaka kilipotulia. Ndizi zilikuwa zimeshika umbo lake, utamu wake umekaa chini ya chumvi na ndimu. Muhogo ulitoka bara hili, Wareno wakaupeleka Afrika katika karne ya 16. Nazi ikaja upande huu katika karne hiyo hiyo, na mawese na bamia vikafuata njia ya meli za watumwa. Vyote vilikuwa mbele yangu katika chungu kimoja na sahani moja, na nilivila polepole.

Siku ya tisa, Jumatano. Guarulhos.

Nimeunganisha ndege hapa na nina saa tano kabla ya kuondoka. Mdogo wangu alikuja tena uwanjani, safari hii bila machungwa. Alikuwa na marmita, kisahani cha foili chenye mfuniko wa karatasi, bado cha moto, kimefungwa kwa taulo. Leo ni Jumatano, siku ya feijoada. Alikwenda kwenye ule mgahawa wa kwanza saa nne kamili, akamkuta yule mpishi akiwa hajaunga kitu, akamwambia dada yangu anapita leo. Mama yule alichota maharage meusi kabla nyama haijaingia, akayaunga kando kwa kitunguu saumu, mafuta ya soya na majani ya mbei, akafunga na couve na farofa kavu.

Tuliketi kwenye viti vya chuma karibu na lango. Niliyala yote. Mdogo wangu alichukua kijiko akaonja, akanyamaza kidogo, kisha akachota cha pili.